Mahakama ya Lugha Mbili: Kimarwari na Kiuzbeki katika Sikio la Mswahili

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa isimu na nyote mnaopenda lugha mliokubali kuiacha jioni yenu ije kupotelea hapa: hamjambo, na asanteni kwa kuja.

Mwaka 1499, katika mji wa Herat ambao leo uko Afghanistan, mshairi aliyeitwa Alisher Navoiy aliandika risala fupi akaipa jina la Kiarabu, Muhakamat al-lughatayn. Mswahili hahitaji mkalimani wa jina hilo. Ndani yake mna mahakama, mna hakimu, mna hukumu, na mna lugha, tena lugha mbili. Washitakiwa, ama tuseme wadai, walikuwa Kituruki cha Asia ya Kati, ambacho Kiuzbeki cha leo hujihesabu kuwa mrithi wake, na Kiajemi, lugha iliyokuwa ikitawala ushairi na barua za wafalme. Navoiy alizimudu zote mbili, na hata mashairi ya Kiajemi aliyaandika, akijiita Foniy. Lakini lugha ya kwao ilikuwa Kituruki, na hakimu wa namna hiyo, tukisema kweli, ni kama kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere. Hukumu ilikuwa na mwelekeo tangu asubuhi. Hata hivyo ushahidi alioutoa ulikuwa wa kweli: aliorodhesha vitenzi mia moja vya Kituruki ambavyo, kwa maoni yake, Kiajemi hakikuwa na neno moja la kuvijibu, vikiwemo vitenzi kadhaa vya aina mbalimbali za kulia, tangu kilio cha kimyakimya hadi kile cha kupaza sauti, na alionyesha kwamba Mturuki ana jina la kaka mkubwa na jina jingine la mdogo, ilhali Mwajemi huwaita wote kwa neno moja.

Mimi leo nimepewa kesi nyingine. Kiuzbeki kimerudi mahakamani, lakini safari hii aliyesimama mbele yake si Kiajemi, bali ni Kimarwari, lugha ya Jodhpur na jangwa la Thar, magharibi mwa jimbo la Rajasthan nchini India. Lugha hizi hazina ukoo mmoja wala hazijawahi kugombea kiti kimoja, na mtu anaweza kuuliza kwa haki kwa nini zilinganishwe. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba lugha mbili zisizo ndugu zaweza kufanana mahali pengi tusipopatarajia, na kwamba jambo linaloifanya moja iwe lugha ya serikali na nyingine isihesabiwe hata kuwa lugha kamili halimo ndani ya sarufi yake. Sisi tunaosema Kiswahili tuna nafasi nzuri ya kulisikiliza shauri hili, kwa sababu hatuna upande, na kwa sababu lugha yetu, kama mtakavyoona, inafanana na mdai huyu kwa jambo moja na na yule kwa jambo jingine.

Tuanze na nasaba, kwa kuwa hiyo ndiyo rahisi. Njia ya haraka ya kujua kama lugha mbili zilizaliwa nyumba moja ni kuzisikiliza zikihesabu. Mmarwari husema ek, do, tin, char. Muuzbeki husema bir, ikki, uch, to‘rt. Hapana hata namba moja iliyokutana. Zisikilizeni sasa za Istanbul: bir, iki, üç, dört. Nazo za Tehran: yek, do, se, chahar. Kiuzbeki basi ni cha ukoo wa Kituruki, katika tawi moja na Kiuyghur cha magharibi mwa China. Na Kimarwari ni cha ukoo wa lugha za Kihindi na Kiulaya, kijukuu cha Sanskrit, ndugu wa Kigujarati, binamu wa Kiajemi na jamaa wa mbali wa Kirusi. Hapo pana kichekesho cha historia: Warusi waliowatawala Wauzbeki tangu karne ya 19 wana undugu wa lugha na mkulima wa Jodhpur kuliko walivyo nao na watu wa Tashkent, na katika miji ya Samarkand na Bukhara, ambako wengi husema Kiuzbeki na Kitajiki kwa pamoja, Kitajiki hicho, kilicho tawi la Kiajemi, ni jamaa wa Kimarwari.

Na kwetu hapa Afrika Mashariki Kimarwari si mgeni kama jina lake linavyotufanya tudhani. Kigujarati, ambacho wengi wetu tumekisikia madukani Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam tangu utotoni, kilikuwa lugha moja na Kimarwari hadi kiasi cha karne ya 16. Mtaalamu wa Kiitalia, L. P. Tessitori, aliyekwenda Rajasthan na kufia Bikaner mwaka 1919, ndiye aliyeieleza kwa kina lugha hiyo ya zamani na kuiita Kirajasthani cha Kale cha Magharibi. Kwa hiyo mzee wa Kigujarati anapozungumza na mwanawe nyuma ya kaunta, sikio linaloelewa linasikia sauti ya jamaa wa karibu wa Kimarwari.

Sasa tuingie ndani ya sarufi, mahali ambapo nitakaa kwa muda kidogo, na nawaomba wasio wanaisimu wanivumilie. Maneno ya Kimarwari nitayatamka na kuyaandika kwa herufi zetu za kawaida, bila alama zote ambazo wataalamu huzitaka.

Mmarwari akitaka kusema farasi wa Ram, husema Ram ro ghodo. Akiwa farasi jike, husema Ram ri ghodi. Wakiwa farasi wengi, Ram ra ghoda. Yatazameni maneno hayo madogo, ro, ri, ra. Hayamfuati Ram mwenye mali. Yanaifuata mali yenyewe, iwe dume, jike au wingi. Je, hatujawahi kuona kitu kama hicho? Tunasema kiti cha Juma, viti vya Juma, gari la Juma, nyumba ya Juma, na Juma hajabadilika hata kidogo. Kinachobadilika ni cha, vya, la na ya, kwa kufuata ngeli ya kinachomilikiwa. A-unganifu yetu na ro ya Kimarwari hufanya kazi ileile kwa kanuni ileile, isipokuwa kwamba wao wana jinsia mbili, sisi tuna ngeli nyingi, na wao humtanguliza mwenye mali nasi tunamweka nyuma. Mwanafunzi Mwingereza akisumbuka na cha na vya, yule wa Jodhpur angemwelewa mwalimu mara moja.

Muuzbeki hana habari na mambo haya. Farasi wa Akbar ni Akbarning oti, farasi wengi ni Akbarning otlari, na ile -ning haigeuki, awe farasi mmoja au mia, dume au jike. Kiuzbeki hakina jinsia ya kisarufi mahali popote. Neno u ni yeye mwanamume, yeye mwanamke, na kile pale. Otam bozorga bordi ni baba yangu alikwenda sokoni, onam bozorga bordi ni mama yangu alikwenda sokoni, na kitenzi bordi ni kilekile. Mmarwari angelazimika kuchagua: mharo bap bajar gayo kwa baba, mhari ma bajar gai kwa mama, na tayari amebadili neno la umiliki na kitenzi pia. Hapa Kiswahili kimehama upande. Baba alikwenda, mama alikwenda. Sarufi yetu haimuulizi mtu jinsia yake. Katika jambo hili sisi ni Wauzbeki kabisa, na huenda ndiyo sababu wenzetu wa kizazi kilichopita walipojifunza Kiingereza walikuwa wakimwita shangazi kwa kiwakilishi cha kiume wala wasione kosa.

Undugu wa namna hiyo unazidi kujitokeza tukifika kwenye kitenzi. Kiuzbeki, kama Kiswahili, huunda maneno kwa kubandika viambishi kimoja baada ya kingine, kila kimoja na kazi yake. Sisi tunabandika mbele na nyuma, wao hubandika nyuma tu. Chukueni mzizi yoz-, ambao ni andik-. Yozdi ni aliandika. Yozildi ni iliandikwa, na ile -il- ndiyo -w- yetu. Yozdirdi ni aliandikisha, yaani alimfanya mwingine aandike, na -dir- ndiyo -ish- yetu. Yozishdi ni waliandikiana, na -ish- yao, isiwachanganye na yetu, ndiyo -an-. Ukitaka kusema hatukuandikiana, neno moja linatosha: yozishmadik. Ndani yake mna mzizi, kutendeana, ukanushi, wakati uliopita na sisi, vimepangwa kama shanga katika uzi. Katika neno letu shanga ni hizohizo, ila uzi umeanzia upande mwingine: ukanushi, sisi na wakati uliopita vimetangulia, kisha mzizi, kisha kutendeana. Vivyo hivyo kitoblarimizda ni katika vitabu vyetu, na humo mna kitabu, wingi, -etu na mahali. Sina shaka kwamba mtoto wa Kiswahili aliyezoea kuvunjavunja vitenzi darasani angekuwa mwanafunzi mzuri wa Kiuzbeki.

Kimarwari hakikwenda njia hiyo. Kitenzi chake ni kifupi, lakini kina tabia moja ambayo ilinichukua muda kuizoea. Katika wakati uliopita kitenzi kielekezi, yaani kile chenye mtendwa, hakimfuati mtendaji, bali humfuata mtendwa. Sita ghodo dekhyo, Sita alimwona farasi: Sita ni mwanamke, lakini dekhyo ni umbo la kiume, kwa sababu aliyeonwa ni farasi dume. Ram kitab padhi, Ram alisoma kitabu: Ram ni mwanamume, padhi ni umbo la kike, kwa kuwa kitab huhesabiwa kuwa cha kike. Lugha nyingine za jirani zenye tabia hii, kama Kihindi, humbandika mtendaji alama ya kumtambulisha. Kimarwari humwacha hivyo hivyo bila alama, na msikilizaji anajua mwenyewe.

Baada ya tofauti zote hizo mtu angetarajia sentensi zao zisikutane popote. Lakini zinakutana. Mmarwari husema mhun kitab padhun, na Muuzbeki husema men kitob o‘qiyman, yaani mimi kitabu nasoma, kitenzi mwishoni. Zote mbili huweka nyuma ya jina yale ambayo sisi tungeyaweka mbele. Na lipo jambo lililo zito zaidi ya mpangilio. Sisi tukitaka mtu atuandikie jambo, tunaingiza -i- ndani ya kitenzi: niandikie. Mmarwari husema likh de, andika-pe. Muuzbeki husema yozib ber, andika-pe. Kitenzi cha kutoa kimewekwa nyuma ya kitenzi cha kuandika kuonyesha kwamba tendo ni kwa manufaa ya mwingine, na jambo hili utalikuta kutoka milima ya Asia ya Kati hadi rasi ya India, katika koo za lugha zisizohusiana kabisa. Hata mzaha wa kurudia maneno wanao wote: kwa Wauzbeki choy-poy, kwa Wamarwari na majirani zao chay-vay, yaani chai na vitu vya namna hiyo, au kama anavyosema mwenyeji wa kwetu, chai na nini. Lugha zilizoishi jirani kwa karne nyingi, hata kama jirani huyo ni jirani wa jirani, huambukizana tabia.

Na heshima? Kaka-sa aya, baba mdogo amekuja, husema Mmarwari, na kitenzi aya ni cha wingi ijapokuwa baba mdogo huyo ni mmoja. Otam keldilar, husema Muuzbeki, na ile -lar ya mwisho ni ya wingi pia, kwa sababu baba hastahili kuja peke yake. Sisi heshima hiyo tumeiweka katika shikamoo. Lakini tatu zote zinakubaliana kwamba ndugu wa baba na ndugu wa mama si kitu kimoja: kaka na mama kwa Mmarwari, na ya pili hutamkwa kwa kuvuta a zote mbili, msidhani ni mama mzazi; amaki na tog‘a kwa Muuzbeki; ami na mjomba kwetu. Na amaki na ami, mtaona, zimetoka katika neno moja la Kiarabu.

Kabla sijaacha sarufi, nitawataja wawili ninaowapenda zaidi, kila mmoja kutoka upande wake. Kimarwari kina sisi mbili. Mhe ni sisi bila wewe. Apan ni sisi pamoja nawe unayesikiliza. Mgeni akiambiwa twende tukale kwa apan, anajua ameitwa. Akisikia mhe, abaki na adabu yake. Kiuzbeki nacho kina neno ekan. Siz o‘qituvchisiz ni wewe ni mwalimu. Siz o‘qituvchi ekansiz ni kumbe wewe ni mwalimu. Nimetafuta muda mrefu lugha za kigeni zenye kumbe ya kweli, inayosema kwa wakati mmoja kwamba sikujua, na sasa nimejua, na nimeshangaa kidogo, nimeipata Tashkent. Zaidi ya hapo Kiuzbeki hutofautisha keldi, amekuja na nina hakika, na kelibdi, amekuja kumbe, ama nimeona dalili tu kwamba amekuja. Hakimu wetu Navoiy angekuwa na sababu ya kujivuna, kwa maana hiyo ni lugha inayomlazimisha shahidi aseme kama aliona mwenyewe.

Kuhusu sauti nitapita upesi. Kimarwari, pamoja na jirani yake Kisindhi, kina b na d ambazo hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani badala ya kuisukuma nje. Hizo ndizo b na d za Mswahili wa pwani anaposema baba na dada, na mnaweza kuzijaribu sasa hivi kwa sauti ya chini. Kimarwari pia hutofautisha p isiyo na mpumuo na p yenye mpumuo, kama Mvita anavyotofautisha paa la nyumba na paa wa porini. Kiuzbeki hakina haya, lakini kina q ya ndani ya koo ambayo wasomaji wa Kurani miongoni mwetu wataitambua.

Sasa nawaalika sokoni, mahali ambapo wadai hawa wawili wanakutana bila wakili. Kitabu kwa Muuzbeki ni kitob, kwa Mmarwari kitab. Duka ni dukon na dukan. Habari ni xabar, ambayo x yake husomwa kh, na khabar. Hesabu ni hisob na hisab. Dunia ni dunyo na duniya. Rangi ni rang kwa wote wawili. Chai ni choy na chay. Mtu ni odam na admi, wote watoto wa Adamu, nasi tunasema mwanadamu. Maneno haya ya Kiarabu na Kiajemi yaliingia kila lugha kwa mlango wake, na kila lugha iliyavalisha nguo zake: Muuzbeki akaigeuza a ndefu ya Kiajemi kuwa o, Mmarwari akaifanya z kuwa j akaita soko bajar, na Mswahili akatia irabu mwishoni ili neno lisibaki wazi. Nalo lile neno la mahakama tuliloanza nalo lipo kwa wote, kila mmoja na tafsiri yake. Kwa Muuzbeki hukm ni hukumu ya kortini, na hukumat ni serikali. Katika nyumba za Warajput, makabaila wa Marwar, nchi ya Jodhpur, hukum ni adabu: mkubwa akiita, mdogo huitika hukum, kama vile sisi tungesema labeka au naam.

Wafanyabiashara wa Kimarwari walisambaa India nzima, hasa Kolkata, katika mtaa wa soko la Burrabazar, wakawa mabingwa wa hundi, ile hati ya kulipia fedha mahali pa mbali bila kubeba fedha yenyewe. Neno hilo tunalo. Tunazo pia pesa na laki, zilizovuka Bahari ya Hindi pamoja na wafanyabiashara wa pwani ya magharibi ya India. Kwa hiyo katika benki zetu bado yanaishi maneno ambayo mfanyabiashara wa Jodhpur angeyatambua bila kufikiri.

Lakini wadai hawa walikutana pia uso kwa uso, na hapo hawakukutana kwa biashara. Zahiruddin Muhammad Babur alizaliwa mwaka 1483 katika mji wa Andijon, ambao leo uko Uzbekistan. Aliandika kumbukumbu za maisha yake kwa Kituruki kile kile cha Navoiy, na humo anasema kwamba watu wa Andijon wote, hata wa sokoni, hujua Kituruki, na kwamba usemi wao unafaa kuandikwa, kiasi kwamba maandishi ya Navoiy, ingawa alilelewa Herat, yanalingana nao. Mwanamume huyu aliyekuwa na sikio la lugha aliiteka Delhi baada ya vita vya Panipat mwaka 1526, na mwaka uliofuata akapigana huko Khanwa na muungano wa Warajput ulioongozwa na Rana Sanga wa Mewar. Miongoni mwa waliouawa upande wa Warajput alikuwa Ratan Singh wa Merta, ambaye mapokeo humtaja kuwa baba wa Mirabai, yule mtunzi wa nyimbo za ibada zinazoimbwa hadi leo kote Rajasthan. Mwana wa Andijon anaandika kumbukumbu kwa lugha yake, na binti wa Merta nyimbo zake zinabaki midomoni. Nyimbo zinazohusishwa na Mirabai hazikuandikwa kwa mkono wake zikahifadhiwa. Zilipokezwa, zikabadilika njiani, zikavaa lafudhi ya kila aliyeziimba. Tofauti hiyo ya kuandikwa na kuimbwa itatufikisha kwenye kiini cha shauri hili.

Kwanza niseme juu ya herufi. Kimarwari leo huandikwa kwa Devanagari, herufi zilezile za Kihindi, nchini India, na kwa herufi za asili ya Kiarabu upande wa pili wa mpaka, katika mkoa wa Sindh nchini Pakistan. Lakini wafanyabiashara wake walikuwa na mwandiko wao, Mahajani, uliokuwa wa haraka kwa sababu uliacha kuandika irabu. Kipo kisa cha zamani juu ya mwandiko huo. Karani aliandikia nyumbani: babu Ajmer gayo, bari bahi bhej dije, yaani bwana amekwenda Ajmer, leteni daftari kubwa. Nyumbani wakasoma: babu aj mar gayo, bari bahu bhej dije, yaani bwana amefariki leo, leteni mke mkubwa. Mzee yeyote wa Lamu au Pemba anayejua kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu atacheka na kuguna, kwa maana katika hati zile kito na kitu ni neno moja, na ilibidi wanazuoni wa Mombasa wabuni alama za kuzitenganisha.

Kiuzbeki kimepitia mtihani mkubwa zaidi. Fikirini mtoto aliyezaliwa Bukhara mwaka 1910. Alifundishwa kusoma kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1929 akiwa kijana serikali ya Kisovieti ikaleta za Kilatini. Mwaka 1940 ikaziondoa, ikaleta za Kikirili, zile za Warusi. Na kama Mungu alimpa umri, mwaka 1993, akiwa na miaka 83, bunge la nchi iliyokwisha kuwa huru lilipitisha sheria ya kurudi kwenye Kilatini, kisha likazirekebisha herufi hizo mwaka 1995. Kikirili hakijatoweka hata leo; kipo magazetini na juu ya milango ya maduka. Wauzbeki wa Afghanistan nao walibaki na herufi za Kiarabu wakati wote huo. Na herufi mpya nazo zina mtego: ot ni farasi, o‘t ni majani, na tofauti yao ni kialama kidogo juu ya bega la herufi, ambacho wengi hukisahau wanapoandika kwa simu, farasi akageuka malisho yake mwenyewe.

Basi lugha yenye serikali hulipia kiti chake. Kiuzbeki kilifanywa lugha ya taifa kwa sheria ya tarehe 21 Oktoba 1989, miaka miwili kabla ya uhuru, na leo kinasemwa na watu zaidi ya milioni 30; kina shule, mahakama, bunge na vyuo vikuu. Lakini serikali ya Kisovieti iliyokijenga ndiyo iliyowapiga risasi waandishi wake: tarehe 4 Oktoba 1938 waliuawa Abdulla Qodiriy, mwandishi wa riwaya ya kwanza ya Kiuzbeki, na Cho‘lpon mshairi, na Fitrat mwanazuoni. Na kuna deni jingine lililo dogo kwa macho: mjukuu wa Tashkent hawezi kusoma barua ya babu wa babu yake. Nasi tunalijua deni hilo. Makasha mangapi ya hati yamelala Unguja na Siu, na wenyewe wa nyumba hawawezi kuzifungua?

Kimarwari hakikupigwa risasi. Kilisahauliwa ofisini, kikabaki nyumbani. Kina fasihi kongwe ya Dingal, ile lahaja ya mashairi ya vita na sifa iliyotungwa na Wacharan, malenga wa makabaila wa Rajput. Kina Vijaydan Detha wa kijiji cha Borunda, aliyefariki mwaka 2013, ambaye aliamua kuandika kwa lugha ya kwao peke yake na kukusanya hadithi zilizosimuliwa kijijini zikajaza mijalada 14. Sahitya Akademi, chombo cha fasihi cha taifa la India, hutoa tuzo kwa vitabu vya Kirajasthani, jina la jumla la Kimarwari na ndugu zake wa jimbo hilo, kama inavyotoa kwa lugha nyingine kubwa. Lakini katiba ya India ina jedwali la nane, linaloorodhesha lugha zinazotambuliwa na dola, lilianza na lugha 14, leo lina 22, na Kirajasthani hakimo. Shule za Rajasthan hufundisha kwa Kihindi. Katika sensa ya 2011 watu wapatao milioni 7.8 waliandikwa kuwa wasemaji wa Kimarwari, na wapatao milioni 25.8 waliandikwa chini ya jina la jumla la Kirajasthani. Kisha wote hao wakajumlishwa ndani ya Kihindi na kukifanya Kihindi kifike milioni 528. Mimi nazisoma takwimu hizo kwa uangalifu, kwa sababu jirani wawili wa Jodhpur wanaozungumza lugha ileile wanaweza kumjibu karani mmoja Kimarwari na mwingine Kirajasthani, na wa tatu, akitaka heshima, akajibu Kihindi.

Wapo wanaosema kwamba Kirajasthani hakiwezi kutambuliwa kwa sababu hakipo kimoja: kuna Kimarwari, Kimewari, Kidhundhari, Kihadauti, Kishekhawati na vingine, na haijulikani kipi kiwe sanifu. Hoja hii mimi siikubali, na sababu zangu ziko katika mahakama hii hii. Kiuzbeki sanifu kilipatikana kwa kuchagua. Katika miaka ya 1930 walichagua usemi wa mijini, wa Tashkent na bonde la Ferghana, uliokuwa umepoteza ule ulinganifu wa irabu, yaani irabu za neno moja kufuatana kwa aina, unaojulikana katika lugha za Kituruki, na lahaja za vijijini zilizouhifadhi zikakosa kiti. Kiswahili nacho kilichaguliwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikipa kiti Kiunguja, na Kimvita, chenye hazina yote ya mashairi ya Muyaka, kikabaki pembeni. Kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakisanifisha kilichochaguliwa. Usanifu haukungojea umoja. Ndio ulioutengeneza, na kwa gharama ambayo Wamvita wanaweza kuwaeleza wenyewe.

Navoiy alileta mahakamani vitenzi mia moja. Sitaram Lalas, mwanaleksikografia wa Rajasthan, ameleta kamusi ya Kirajasthani yenye maneno zaidi ya laki mbili, kazi iliyomchukua sehemu kubwa ya maisha yake. Bunge la jimbo la Rajasthan nalo, tarehe 25 Agosti 2003, lilipitisha azimio la kuiomba serikali ya Delhi iingize Kirajasthani katika jedwali la nane. Vielelezo vimekwisha kupokewa na mashahidi wamekwisha kusema. Shauri hilo, hadi jioni hii tunapokaa hapa, halijapangiwa siku ya kusikilizwa.